Saa Kumi na Nusu Kamili

Kosa nililolifanya mwezi wangu wa kwanza kazini ni hili: niliandika kwamba watu wote walitoka saa kumi na nusu kamili, kwa sababu ilipendeza macho.

Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenihonga. Kama ningehongwa, leo ningekuwa na kisingizio, na pengine simu mpya. Nilifanya bure, kwa moyo mweupe, kwa kutumia rula.

Nilikuwa pointeur katika atelie moja ya kulehemu, katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Pointeur ni yule anayekaa mlangoni na karatasi, akiandika nani ameingia saa ngapi na nani ametoka saa ngapi. Atelie yetu hutengeneza mabenne, yale masanduku makubwa ya chuma yaliyo nyuma ya malori yanayobeba mawe ya shaba upande wa Kinsevere. Yanakuja yametoboka, yanaondoka na viraka. Watu wanakata chuma, wanagonga, wanalehemu, na mimi mlangoni nachonga penseli.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Shule yangu iliishia njiani. Mengine yote nilijifunza mwenyewe: kompyuta niliipata kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu kwenye vibanda vya kuchapa barua, na Kifaransa cha ofisini nilikitoa kwenye barua za zamani zilizotupwa. Aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: daima anahisi kuna mwalimu nyuma yake, ameshika kalamu nyekundu. Mimi hupiga pasi mpaka kamba za viatu. Nikifunga mlango, narudi mara tatu kuangalia kufuli. Majirani wamezoea, hawanisalimii tena kwa habari za asubuhi. Wananiuliza, "Imefunga?"

Mtu kama huyo ukimpa jedwali, umempa hekalu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mlangoni niliandika saa za kweli kwenye karatasi ya haraka, kwa kalamu ya bic ya buluu, dakika kwa dakika. Kila Jumamosi nilinakili yote kwenye karatasi nzuri ya mwezi ya kumpelekea patron, mwenye atelie. Jumamosi ya kwanza nikakaa kunakili, nikaangalia safu ya saa za kutoka. Saa kumi na dakika hamsini na saba. Saa kumi na moja na arobaini. Saa kumi na mbili na dakika sita. Ukurasa ulikuwa kama mdomo wa mtu aliyeng'oka meno. Pembeni yake palikuwa na ratiba ya kampuni, imebandikwa ukutani: kuingia saa moja na nusu, kutoka saa kumi na nusu, mapumziko ya saa moja ya kula bukari, ugali wetu, katikati, na Jumamosi kazi ya saa tano tu. Nikajumlisha. Arobaini na tano kwa wiki.

Arobaini na tano! Nikajaribu kuiandika kwa mtu mmoja, nione tu. Kisha kwa wa pili. Zilivyoshuka, arobaini na tano chini ya arobaini na tano, zilikuwa kama wanafunzi waliosimama mstari asubuhi, mashati ndani ya suruali. Sikuweza kuacha. Nilijiambia kwamba zile dakika za ziada watu walizitoa kwa upendo, na kitu cha upendo hakiandikwi.

Neno hilo la upendo halikuwa langu, lilikuwa la patron. Kila siku, zikibaki dakika tano watu watoke, alikuwa anatokea katikati ya uwanja, anapiga makofi, anatuomba kidogo tu, kama watu wa familia moja.

"Batoto yangu, kiloko tu! Benne inaombwa kesho. Hapa tuko famille. Ku famille bantu habahesabu saa!"

Halafu ananunua sucré, soda yetu, chupa moja kwa watu wawili.

Siku moja sauti ilitoka nyuma ya kofia moja ya kulehemu: "Famille gani inatuzuia kurudi ku famille?"

"Nani amesema?" patron akauliza.

Aligeuka huku na huku. Watu wote walikuwa wamefunika nyuso zao kwa chuma. Hata wale ambao hawakuwa na cha kulehemu.

Patron alipoona karatasi yangu nzuri, aliinyanyua kwenye mwanga. "Petit," akaniambia, "hii iko karatasi ya ku ministère." Karatasi ya wizarani! Nilitembea na sifa ile siku tatu. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wakaja kutia sahihi, mmoja mmoja, wakaangalia, wakanyamaza, wakasaini. Kimya chao nilikichukua kuwa ni kustaajabu.

Na zile karatasi za bic ya buluu? Nilimpa mama anayeuza karanga mbele ya mlango wetu. Anazikunja kama pembe, anatia karanga, anauza. Nilijiona mtu mwema sana.

Hivyo tulikwenda toka mwezi wa nane hadi mvua za kwanza.

Fundi wetu mkubwa wa kulehemu alikuwa mzee ambaye wote tulimwita Vieux, hata patron. Alikuwa na mikono iliyojaa alama za cheche, na alikuwa na shamba Lukafu. Jumamosi moja karibu saa sita na nusu mchana, watu wameshanawa, patron akatokea na makofi yake.

"Kesho bote hapa! Benne mbili zinatoka Jumatatu asubuhi."

Vieux akavua glavu zake polepole. "Patron, miye kesho hapana. Mvua imenyesha ku Lukafu tangu juzi. Nitaenda kupanda mahindi."

"Mahindi itangoja."

"Mahindi haijui kama tuko famille."

Watu wakacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Mtu anaweza kusamehe kukataliwa, lakini si kukataliwa mbele ya watu wenye furaha. Vieux akafunga jembe lake nyuma ya pikipiki, akaenda.

Jumatatu alirudi na udongo kwenye kucha, akakuta barua juu ya meza yake ya kazi. Kwetu inaitwa demande d'explication, na watu wanasema tu demande: karatasi inayokuuliza kwa nini ulifanya ulichofanya, na una siku mbili za kujibu kwa maandishi. Vieux alikuwa na mbili tayari. Ya kwanza alipewa kwa kulala chini ya benne. Alijibu kwamba alikuwa anachunguza chuma kwa ndani. Ya pili alipewa kwa sababu ya jibu la ile ya kwanza. Katika atelie yetu kila mtu alijua: ya tatu unaondoka nayo nyumbani, pamoja na vyombo vyako. Na Vieux alibakiza miaka michache tu kufika pensheni.

Akaja mlangoni kwangu. "Petit, weye uko na muandiko muzuri. Unijibie hii."

Nilifurahi mpaka masikio yakawaka. Saa ya bukari nilikimbia mjini kwa wale wanaotandaza vitabu vya fotokopi kando ya barabara, nikanunua Sheria ya Kazi. Haikuwa na jalada, na kurasa mbili zilikuwa zimechapwa juu chini. Mchana wote niliisoma chini ya meza, mlangoni, kalamu mkononi, na siku hiyo pekee niliandika kwamba fundi mmoja alitoka kabla ya kuingia.

Niliyoyasoma yalikuwa wazi kuliko nilivyotegemea. Wiki ya kazi ni saa arobaini na tano, na siku ina mpaka wake. Kinachozidi hapo kina jina, saa za ziada, na saa hizo hulipwa zaidi ya saa ya kawaida. Mwajiri hazichoti kama maji ya bomba. Na siku ya mapumziko ya juma ni ya mfanyakazi, si ya benne. Nilitafuta pia kama kuna kifungu kinachosema habari ya famille. Hakuna.

Nikapiga meza kwa furaha. Vieux alikuwa na haki! Miezi mitatu anatoka jua likizama, halafu anaambiwa aje na Jumapili! Kilichobaki ni ushahidi tu. Nikavuta faili la karatasi zangu nzuri.

Arobaini na tano. Arobaini na tano. Arobaini na tano.

Nilizisoma mara tatu, kama ninavyofanya na kufuli. Kwa mujibu wa mwandiko wangu mzuri, Vieux hakuwahi kufanya hata dakika moja ya ziada tangu nifike. Alikuwa mtu aliyepumzika vya kutosha, anayetoka na jua kila siku, na ambaye patron alimwomba Jumapili moja tu akakataa. Ningekuwa patron, hata mimi ningemwandikia demande.

Jumanne saa ya bukari Vieux akaja kuniambia jibu la kuandika, ameketi juu ya ndoo.

"Andika: Patron, minakuheshimu. Nilienda kupanda mahindi. Basi."

"Vieux, ile tu?"

"Unataka kuongeza nini? Mbolea?"

Nilikuwa tayari nimeandika nakala saba za jibu lake, za kurasa mbili kila moja. Nikamsomea vifungu. Alisikiliza huku akikata bukari na kuichovya kwenye mboga ya lengalenga, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe iko sheria? Basi andika: tangu mwezi wa nane, minatoka hapa saa ya kuku kulala. Bakitaka kuhakikisha, baangalie mu karatasi ya pointeur. Weye njo témoin yangu."

Shahidi, mimi! Nikaenda chooni. Nikarudi. Nikaenda tena.

"Uko na tumbo?"

"Vieux, karatasi yangu inasema munatokaka saa kumi na nusu."

"Bote?"

"Bote."

"Kila siku?"

"Kamili."

Aliweka chini tonge lake. Nilingoja tusi, nilikuwa hata nimelichagua mwenyewe, ili lisinishtue. Lakini yeye aliangalia faili, akafungua ukurasa wa mwezi wa tisa, akaweka kidole chenye kovu kwenye mstari wake.

"Ule muntu wa mu karatasi yako minamutamani sana," akasema. "Anatoka na jua. Anafika kwake, anakula na bibi yake. Njo maana nilitia sinyatire. Nilisema labda siku moja itakuwa kweli."

"Munisamehe, Vieux. Nilitaka tu ikuwe muzuri."

"Iko muzuri. Itanifukuzisha kazi, lakini iko muzuri." Akachukua tonge lake. "Na ile ya bic ya bleu iko wapi?"

Nikaonyesha mlango kwa kidevu.

Mama wa karanga alikuwa ameketi mahali pake, chano mbele, rundo la karatasi chini ya jiwe. Nilimwamkia vizuri kupita kiasi, na akashuku mara moja.

"Mama, ile makaratasi ninakupatiaka kila Jumamosi..."

"Unakuja kunipokonya?"

"Kuazima tu."

"Karatasi ya karanga habaazimake. Ya mwezi wa nane, ya mwezi wa tisa, bantu balishakula. Inabaki hii." Akagonga rundo. "Na miye nitafungia mu nini? Mu mukono?"

Nikakumbuka zile nakala saba. Nikazileta. Akazipima unene kwa vidole, akazigeuza, akaona upande mmoja ni mweupe.

"Hii iko na maneno mingi," akasema. "Itafunga muzuri."

Ndivyo tulivyobadilishana, ukurasa kwa ukurasa. Nilipozipanga kwa wiki, nikaona moja haipo.

"Ile imetoka sasa hivi. Délégué njo anakula."

Délégué, mjumbe wa wafanyakazi wetu, ni fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, mtu mnene asiye na haraka. Alikuwa ng'ambo ya barabara amekaa juu ya tairi, pembe ya karanga mkononi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alitafuna mpaka mwisho wa maelezo.

"Kwa hivi hii niko nayo ni saa zetu?"

"Njo zetu, délégué."

"Njo maana iko na chumvi sana." Akamimina karanga zilizobaki mfukoni, akanipa karatasi, na tangu hapo akawa mtu mwingine. "Kesho tunaingia ku patron bantu tatu. Utasema weye mwenyewe. Kama ulipatisha kalamu nguvu ya kudanganya, patisha na mudomo nguvu ya kusema kweli."

Nilizipeleka karatasi nyumbani nikazipange. Hapa nakiri jambo jingine. Zilikuwa zimekunjamana, na sikuweza kuvumilia, nikazipiga pasi. Mafuta ya karanga yakayeyuka, yakaenea, yakaingia kwenye meza, na suruali niliyoipiga pasi baadaye ilinukia karanga siku nzima ya Jumatano. Lakini saa zilisomeka.

Tulipoingia ofisini, Vieux, délégué na mimi, patron alikuwa ametandaza karatasi zangu nzuri juu ya meza, zote nne kwa mstari, moja kwa kila mwezi.

"Bwana délégué, angalia mwenyewe," akasema. "Karatasi safi. Saa arobaini na tano. Sinyatire ya Vieux mwenyewe. Miye naomba siku moja tu, ananifanya nichekwe mbele ya bantu. Ya ziada iko wapi?"

Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama siku ile. Délégué akanigusa kwa kiwiko, na kiwiko chake ni kizito. Nikasimama, nikaweka rundo langu la mafuta juu ya meza.

Patron akainamia, akavuta pua. "Hii nini?"

"Njo bukweli, patron."

"Bukweli iko na mafuta?"

Nikasema yote, kwa haraka, nikiangalia kalenda ukutani. Kwamba za buluu ndizo nilizoandika mlangoni. Kwamba zile nzuri nilizitengeneza mimi. Kwamba hakuna aliyeniambia. Kwamba sikutaka kumwibia mtu, nilitaka tu mistari ifanane. Nilipomaliza nikasahihisha neno moja nililokosea katikati, ambalo hakuna aliyelisikia.

Patron alikaa muda akilinganisha. Kidole kimoja kwenye karatasi safi, kingine kwenye yenye mafuta. Saa kumi na nusu. Saa kumi na mbili na robo. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Nadhani hata yeye hakuwahi kuziona zimepangwa. Mtu anaweza kusema "kiloko tu" mara sitini bila kuzijumlisha.

"Sasa mutafanya nini?" akauliza.

Délégué akatoa karanga moja mfukoni, akaitazama. "Hatutaki maneno mingi, patron. Tutabeba zote mbili ku inspekteri wa kazi. Achague ile inamupendeza."

"Hapana, hapana. Ku famille mambo inaisha mu nyumba."

"Njo vile, patron," Vieux akasema kwa upole. "Na ku famille, baba anajua batoto balirudi saa ngapi."

Patron alifungua droo, akatoa ile demande ya tatu, akaandika juu yake kwa mkono wake kwamba jambo limekwisha, akatia sahihi na muhuri. Vieux akaomba muhuri upigwe tena, kwa sababu wa kwanza haukuonekana vizuri. Nilimpenda sana kwa hilo.

Ikakubaliwa pia kwamba saa za ziada zitatangazwa mapema, zitaandikwa na kulipwa kama sheria inavyosema, na Jumapili atakuja anayekubali. Mengi yametimizwa. Jumamosi nyingine patron anajisahau, anapiga makofi, kisha anaangalia mlangoni kwangu na kushusha mikono.

Lakini nisijipambe. Saa zilizolipwa za nyuma ni zile tu ambazo karatasi zake zilipatikana. Za mwezi wa nane na wa tisa zililiwa na watu wa mtaa wa Kenya, pamoja na chumvi. Patron alikataa kulipa kitu kisicho na karatasi, na karatasi zilizokuwepo zilikuwa zangu. Baadhi ya mafundi walicheka. Mmoja hakunisalimia mpaka Noeli, na sikumlaumu.

Alhamisi nikapata demande yangu mwenyewe: kwa nini nilighushi hati za kampuni. Niliandika nakala tisa. Ile niliyoipeleka ilikuwa na kurasa nne, na vifungu, na pambizo pande zote. Patron alisoma ukurasa wa kwanza, akaufunua, akaona bado kuna tatu, akaandika "nimeona" na kunirudishia. Nakala nane zilizobaki nilimpelekea mama wa karanga. Alisema mimi ni mteja wake wa kwanza anayeleta zaidi ya anachonunua.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Vieux aliingia asubuhi na mfuko kutoka Lukafu, akaweka mahindi mabichi manane juu ya meza yangu, juu ya karatasi yenyewe, yakiwa bado na umande.

"Andika iliingia saa ngapi," akaniambia.

Nikaandika: saa moja na dakika ishirini na tatu. Umande uliacha doa kwenye safu ya tatu, na doa lile liko kwenye faili mpaka leo.

Sasa naandika saa kama zilivyo, karatasi moja tu, kwa bic ya buluu, na sinakili tena. Kila mfanyakazi anasoma mstari wake kabla ya kutia sahihi. Kufuli bado naiangalia mara tatu.